Maswali ya Wasomaji: Watafiti Chipukizi na Ubora wa Utafiti katika Nchi za Mpito

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kwa ufupi namna vyuo vikuu vya Ulaya Mashariki vilivyojaribu kuufufua utafiti wao baada ya tawala za kikomunisti kuanguka. Barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyo nayo, na baadhi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale ilipobidi tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

Mwalimu, mlizungumzia nchi za mpito kana kwamba kila mtu anazijua. Ni zipi hizo? Na kwa nini utafiti wao uliporomoka, ilhali wazee wetu waliosoma Moscow wanatusimulia kwamba sayansi ya huko haikuwa na mfano? – Mhadhiri msaidizi, Morogoro

Nchi tulizozikusudia ni zile zilizotoka katika uchumi uliopangwa na dola na kuingia katika uchumi wa soko: Poland, Hungaria, Romania na majirani zao kuanzia mwaka 1989, kisha jamhuri zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti, kama vile Estonia, Ukraine, Georgia na Kazakhstan, kuanzia mwaka 1991.

Wazee wako hawakukosea. Nchi iliyorusha Sputnik mwaka 1957 haikuwa na upungufu wa wanahisabati wala wanafizikia. Tatizo lilikuwa katika mpangilio. Sehemu kubwa ya utafiti, pamoja na maabara nzuri, ilikuwa chini ya taasisi za Akademia ya Sayansi, na vyuo vikuu viliachiwa zaidi kazi ya kufundisha. Mwanafunzi hodari wa chuo kikuu angeweza kumaliza shahada yake bila kukanyaga mahali ambapo utafiti wa fani yake ulikuwa ukifanyika kweli. Tena fedha zilipelekwa kwa taasisi, hazikupelekwa kwa mtu wala kwa wazo. Mkurugenzi alipokea bajeti ya wafanyakazi na vifaa vyake, akaigawa kama alivyoona inafaa, na kijana mwenye fikra mpya alipaswa kwanza kumshawishi mkuu wake, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa na fikra za zamani. Wasomaji wetu waliopita katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, wanalikumbuka vizuri daraja la kandidati wa sayansi na miaka mingi iliyofuata kabla mtu hajafikia udaktari kamili.

Mfumo huo ulisimama kwa sababu dola ilikuwa inalipa. Dola ilipoacha kulipa, hapakuwa na nguzo ya pili. Mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliufanya mshahara wa mtafiti wa Kisovyeti wa jana uwe sawa na makumi machache ya dola kwa mwezi, na kuna waliopata pungufu ya hapo. Wenye lugha na marafiki ng'ambo waliondoka, wenye mikono ya biashara wakafungua maduka, na waliobaki wengi wao walikuwa wamekaribia kustaafu. Hasara kubwa ilikuwa hapo hapo, kwamba kizazi cha kati, kile ambacho kingewalea vijana, kilitawanyika.

Niruhusu nikutajie tukio moja ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Mwaka 1992 tajiri George Soros alianzisha Mfuko wa Kimataifa wa Sayansi kwa dola milioni 100, na hatua yake ya mwanzo ilikuwa kuwapa watafiti wa nchi zilizokuwa za Kisovyeti dola 500 kila mmoja, mara moja tu. Hapakuwa na haja ya kumfahamu mkurugenzi wala kupendekezwa na chama. Aliyekuwa amechapisha makala tatu katika majarida yanayoheshimika kwa kipindi cha miaka mitano alistahili, na asiyekuwa nazo hakustahili. Zaidi ya watafiti 20,000 walizipata. Dola 500 hazifanyi utafiti, na kwa wengi zilikuwa chakula cha miezi kadhaa. Lakini kwa watu wengi miongoni mwao ilikuwa mara ya kwanza maishani kupokea fedha kwa jina lao wenyewe, kwa kigezo kilichotangazwa mapema na kinachoweza kukaguliwa na yeyote. Mageuzi mengi yaliyofuata yalikuwa kulipanua wazo hilo.

Tupe mfano wa nchi iliyofanikiwa, na utueleze ilichofanya hasa, si maneno ya jumla kama "waliwekeza katika elimu". – Msomaji, Nairobi

Nitakupa nchi mbili, Estonia na Poland, kwa sababu moja ni ndogo na nyingine ni kubwa, na hatua zao hazikufanana.

Estonia ina watu wapatao milioni 1.3. Mnamo 1990, hata kabla uhuru wake haujarejea, ilianzisha mfuko wa sayansi wa kutoa ruzuku kwa ushindani. Kisha ikafanya jambo lililohitaji ujasiri: iliwaalika wanasayansi wa Sweden waipime sayansi ya nchi nzima, fani kwa fani, na waandike walichokiona. Sababu ya kutafuta hakimu wa nje inaeleweka kwa urahisi. Katika nchi yenye wataalamu wachache wa fani fulani, anayelipima andiko lako la utafiti ni mwanafunzi mwenzako wa zamani, au mpinzani wako, au shemeji wa mkuu wa idara yako, na hata akiwa mwadilifu kiasi gani hakuna atakayeamini kwamba uamuzi wake haukuwa na sura ya mtu. Baadaye katika muongo huo huo taasisi nyingi za Akademia ziliunganishwa na vyuo vikuu, kikiwemo kile cha Tartu kilichoasisiwa mwaka 1632, na mwanafunzi akaanza kufanya kazi mahali pale pale palipo na vifaa na watafiti.

Poland ilianza mwaka 1991 kwa kuunda kamati ya dola ya utafiti wa kisayansi iliyoleta utaratibu wa ruzuku za ushindani. Mwaka huo huo uliundwa pia mfuko wa sayansi ulio nje ya serikali ambao tangu 1993 umekuwa ukiwapa watafiti vijana walio bora tuzo ya mwaka mmoja. Hata hivyo hatua iliyobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, ni sheria ya mwaka 2010 iliyounda Kituo cha Taifa cha Sayansi. Makao yake yaliwekwa Kraków, mbali na wizara zilizoko Warsaw, na sheria yenyewe ikaweka sharti kwamba fedha zisizopungua asilimia 20 ziende kwa watafiti wanaoanza. Zingatia kwamba hilo ni sharti la sheria. Ahadi ya waziri hubadilika waziri anapobadilika, lakini ili kuliondoa fungu la vijana lililo ndani ya sheria lazima mtu asimame bungeni na aseme kwa sauti kwamba analiondoa.

Mashindano ya kituo hicho yana majina ya muziki, kama inavyotarajiwa katika nchi ya mtunzi wa muziki Chopin. Ruzuku iitwayo PRELUDIUM ni ya wale ambao bado hawana shahada ya uzamivu, na mwombaji mwenyewe ndiye kiongozi wa mradi, huku msimamizi akiwa mlezi tu. SONATA ni kwa waliopata uzamivu kati ya miaka 2 na 7 iliyopita, na SONATA BIS ni kwa wanaotaka kuunda kikundi chao cha utafiti. Kwa hiyo kijana hashindani na profesa mwenye machapisho 100. Anashindana na wenzake wa rika lake kitaaluma. Andiko hupita mikononi mwa jopo la wataalamu, na yanayovuka hatua ya kwanza hupelekwa kwa wahakiki wa nje, wengi wao wakiwa nchi nyingine, ndiyo maana huandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yanapotoka, mwombaji hupewa maoni ya wahakiki hata kama amekosa. Nimekutana na watafiti wa Kipolandi wanaoyanung'unikia maoni hayo kwa uchungu, lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wanaweza kukueleza kwa kifungu na kwa sentensi ni wapi andiko lao lilionekana dhaifu. Linganisha na barua ya mistari miwili inayosema "tunasikitika kukujulisha".

Kuna sharti jingine ambalo wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wangelitafakari. Ruzuku ya SONATINA, ambayo ni ya waliomaliza uzamivu hivi karibuni, humtaka mshindi aajiriwe katika taasisi tofauti na ile iliyomtunuku uzamivu wake. Lengo ni kuvunja desturi ya mtu kusoma, kufundisha na kustaafu katika idara moja chini ya kivuli cha profesa mmoja. Kwetu mwanafunzi anayeongoza darasa hubakizwa chuoni, na kubakizwa huko ni heshima anayoistahili. Lakini idara ambayo watu wake wote wamefundishwa na watu wale wale huishia kuulizana maswali ambayo majibu yake kila mmoja anayajua.

Assalam aleikum Mwalimu. Chuo chetu kimetangaza kwamba hakuna atakayetunukiwa uzamivu bila kuchapisha makala katika majarida ya kimataifa. Wakuu wetu wanasema hivi ndivyo ubora unavyopatikana. Je, nchi ulizozitaja zilifanya hivyo? – Mwanafunzi wa uzamivu, Mombasa

Waaleikum salaam. Ziko zilizofanya hivyo, na mfano unaofaa kuutazama ni Kazakhstan. Mwaka 2011 nchi hiyo iliweka sharti kwamba mwanafunzi wa uzamivu awe na machapisho saba, na angalau moja miongoni mwake liwe katika jarida la kimataifa lenye kipimo cha athari, yaani namba inayoonyesha makala zake hunukuliwa kwa kiasi gani. Nia ilikuwa njema, kwani walitaka kuondokana na tasnifu zilizosomwa na watu watatu na kufungiwa kabatini. Lakini sharti lilitangulia na mazingira yakaachwa nyuma. Wanafunzi wengi hawakuwa na usajili wa majarida waliyotakiwa kuchapisha ndani yake, wasimamizi wao wenyewe walikuwa wamezoea kuandika kwa Kirusi katika majarida ya nyumbani, na muda wa masomo ya kutwa ulikuwa miaka mitatu, ilhali jarida la maana linaweza kukaa na makala mwaka mzima kabla ya kuamua.

Mtu akibanwa namna hiyo hutafuta mlango wa nyuma, na mlango ulikuwepo. Majarida ya kitapeli, yale yanayodai ada na kuchapisha chochote bila uhakiki wa kweli, yalipata wateja wengi, na baadhi yalikuwa yameingia hata katika kanzidata zinazoheshimika, hivyo kwenye karatasi kila kitu kilionekana halali. Wakajitokeza pia madalali wa kuandika na kutafuta nafasi ya kuchapisha. Idadi ya machapisho ya nchi ilipanda kwa kasi, na serikali ikalazimika kuyarekebisha masharti yake mara kadhaa katika miaka iliyofuata.

Nijibu sasa swali lako bila kuzunguka. Kuchapisha ni jambo zuri, na mwanafunzi ambaye kazi yake imepita mikononi mwa wahakiki wakali hutoka amekomaa zaidi. Ila sharti la idadi, likiwekwa mahali ambapo chuo hakijalipia maktaba, hakijampunguzia msimamizi mzigo wa kufundisha na hakijaongeza muda wa masomo, humhamishia mwanafunzi gharama ya mageuzi ambayo taasisi ilipaswa kuibeba. Kama sharti limeshapita, wewe na wenzako mwombeni mkuu wa shule ya uzamili awaandikie mambo mawili: ni majarida gani yatakayokubaliwa, na nini kitamfika mwanafunzi ambaye makala yake bado iko mikononi mwa wahakiki wakati muda wake wa masomo unakwisha. Na jarida likikuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, likataja ada kabla halijasoma muhtasari wako, achana nalo hata kama jina lake linaanza na neno "Kimataifa".

Mimi ni Mtanzania, nasoma uzamivu Poland na nipo mwaka wa pili. Nimeambiwa tathmini ya katikati ya masomo inaweza kuniondoa kabisa. Wenzangu wanaiogopa kuliko utetezi wa tasnifu. Ninashangaa kama ni haki. – Msomaji, Wrocław

Ni kweli inaweza kukuondoa, na naona ni haki, ingawa naelewa hofu yako.

Sheria ya mwaka 2018 ilianzisha shule za uzamivu kuanzia Oktoba 2019, na kwa sheria hiyo kila mwanafunzi wa shule hizo ambaye hana uzamivu mwingine hulipwa posho. Kabla ya tathmini ya katikati posho hiyo haipungui asilimia 37 ya mshahara wa profesa uliowekwa na serikali, na ukiivuka hupanda hadi asilimia 57. Kamati ina watu watatu, na angalau mmoja wao lazima atoke nje ya taasisi yako. Matokeo pamoja na sababu zake huwekwa wazi. Kinachopimwa ni utekelezaji wa mpango wako binafsi wa utafiti, ule uliouwasilisha ndani ya miezi 12 ya kwanza.

Hapo ndipo pa kuanzia. Usomeni tena mpango huo, wewe na msimamizi wako, mstari kwa mstari, mkitazama ulichoahidi kukifanya na tarehe ulizoziandika. Wanafunzi wengi huandika mipango mikubwa mno katika mwaka wa kwanza kwa kutaka kumfurahisha msimamizi, kisha hushtuka wanapoulizwa juu ya jambo walilokwisha kulisahau. Ikiwa utafiti umechukua njia nyingine kwa sababu za msingi, uliza ofisi ya shule yako utaratibu wa kuurekebisha mpango kabla kamati haijaketi, maana mabadiliko yaliyoandikwa mapema huonekana kuwa uamuzi wa kitaaluma, na yale yanayoelezwa siku ya tathmini huonekana kuwa visingizio.

Kwa nini naiona ni haki? Kwa sababu mbadala wake tunaujua sote: mwanafunzi anayekaa miaka minane bila mtu yeyote kumwambia kwamba mada yake haifiki popote, hadi siku ambayo mtahini wa nje anaiambia kamati kile ambacho kila mtu idarani alikuwa anakifahamu. Afadhali kuambiwa mwaka wa pili na mtu asiyekula chakula cha mchana na msimamizi wako.

Kuhusu fedha, wanafunzi wenyewe wa Poland wamelalamika mara kwa mara kwamba kiasi cha awali ni kidogo mno ukikilinganisha na kima cha chini cha mshahara nchini, na malalamiko hayo yana uzito. Estonia imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2022 imekuwa ikiwaajiri wanafunzi wapya wa uzamivu kama watafiti wadogo, wakiwa na mkataba, likizo na bima kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mtu anayefanya utafiti wa chuo kwa saa 40 kwa wiki anafanya kazi, na huko wameamua kumwita mfanyakazi.

Je, mifumo hiyo inawajali kina mama? Nilipata watoto wawili baada ya uzamivu, na kila ruzuku ninayoiona inataka mtu "aliyehitimu ndani ya miaka mitano". – Mhadhiri, Dodoma

Dada yangu, kikomo cha miaka baada ya uzamivu kinawakata wanawake wengi kuliko wanaume, na kikomo kisicho na msamaha wa uzazi hakifai kuitwa cha watafiti chipukizi. Kituo cha Kraków huwaongezea wanawake miezi 18 katika kikomo hicho kwa kila mtoto waliyemzaa au kumlea kisheria, bila kuhitaji kuthibitisha kwamba walichukua likizo kweli. Kwa hiyo watoto wako wawili wangekuongezea miaka mitatu. Pale ambapo tangazo la ruzuku halisemi lolote kuhusu uzazi, waandikie wafadhili uwaulize kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maandishi, maana wakati mwingine msamaha upo ila aliyeandika tangazo hakuutaja.

Ukiwashindanisha watu kwa ajili ya vyeo na fedha, si unawafundisha kuiba kazi za wenzao? – Msomaji, Arusha

Wizi wa kitaaluma ulikuwepo kabla ya ushindani, na umestawi zaidi mahali ambapo cheo cha kitaaluma kilikuwa pambo la kisiasa. Romania ndiyo iliyotoa somo zito. Juni 2012 jarida la Nature liliandika juu ya tuhuma kwamba waziri mkuu wa wakati huo, Victor Ponta, alinakili sehemu kubwa za tasnifu yake ya uzamivu. Baraza la taifa la kuthibitisha shahada lilipokuwa likikamilisha uamuzi wake dhidi yake, wizara iliubadilisha muundo wa baraza hilo siku ile ile. Chuo Kikuu cha Bucharest nacho kilithibitisha wizi huo mwezi uliofuata, lakini shahada ilichukua hadi mwaka 2016 kufutwa rasmi.

Utaona kwamba vyombo vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na ushahidi ulisomeka ukurasa kwa ukurasa. Kilichokosekana ni ulinzi wa chombo dhidi ya yule kinayemhukumu. Programu ya kompyuta ya kukagua maandishi, ambayo vyuo vyetu vingi vinaitegemea siku hizi, ingeyabaini maneno yaliyonakiliwa, lakini haiwezi kulilinda baraza lisivunjwe.

Mwalimu, unazisifu sana nchi hizo. Hakuna ubaya wowote? Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tutapimwaje katika mifumo inayotaka Kiingereza? – Mtafiti wa lugha, Zanzibar

Ubaya upo, na barua yako imenipa nafasi ya kuutaja.

Kwanza, fedha hazijakua kwa kasi ya waombaji. Nchini Poland kiwango cha wanaofaulu kimeshuka kiasi kwamba wanasayansi wamelalamika hadharani, kwa kuwa mtu hutumia miezi akiandika andiko zuri, akapata maoni mazuri, na bado akakosa kwa tofauti ya alama chache. Pili, washindi hujikusanya katika miji mikubwa kama Warsaw na Kraków, na chuo cha mkoani kinabaki na mzigo wa kufundisha. Tatu, mtafiti anayeishi kwa ruzuku za miaka mitatu mitatu anaweza kufikisha umri wa miaka 40 akiwa na sifa nzuri na hana ajira ya kudumu. Ruzuku humfungulia kijana mlango, lakini nafasi za ajira ndizo zinazomfanya akae ndani, na hilo la pili nchi nyingi za mpito hazijalitatua.

Kuna na suala la pointi. Poland hutoa pointi kwa kila jarida, hadi 200, na pointi hizo huathiri tathmini ya vyuo. Mwaka 2021 waziri aliongeza majarida katika orodha na kupandisha pointi za mengine bila mapendekezo ya tume ya wataalamu iliyokuwa na kazi hiyo, na ghadhabu iliyozuka ilikuwa na sababu nzuri: mtu aliyekuwa amejinyima miaka miwili ili achapishe katika jarida gumu alijikuta sawa na aliyechapisha katika jarida la jirani. Kipimo cha namba kina kishawishi hicho, kwamba mwenye mamlaka anaweza kukisogeza kwa sahihi moja.

Kuhusu lugha nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyodhani. Mwanafizikia hapotezi kitu kikubwa akiandika kwa Kiingereza, lakini mtafiti wa historia ya kijiji cha Poland, au wa lahaja ya Kimakunduchi, anaandika juu ya watu ambao wangependa kuisoma kazi hiyo na kuikosoa. Wapolandi wenyewe wamelumbana juu ya hili kwa miaka mingi, na waliosikitika zaidi ni wanahistoria na wataalamu wa fasihi. Inafaa kukumbuka kwamba uhusiano wetu nao katika fani hii si wa jana: Rajmund Ohly, Mpolandi, alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam na kuacha machapisho mengi juu ya lugha yetu, na Chuo Kikuu cha Warsaw kinafundisha Kiswahili hadi leo. Mtu anayeweza kuihakiki makala iliyoandikwa kwa Kiswahili anapatikana Warsaw, Leipzig, Napoli na kwingineko. Kwa hiyo hoja kwamba uhakiki wa kimataifa lazima ufanywe kwa Kiingereza haina nguvu katika fani yako, na mngeweza kuwaandikia wafadhili mkitaka maandiko ya isimu na fasihi ya Kiswahili yapokelewe kwa Kiswahili, mkiambatisha orodha ya wahakiki wa nje walio tayari.

Sisi ni idara ndogo, hatuna Soros wala sheria ya asilimia 20. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ina mashindano yake ya ruzuku, lakini hatujawahi kushinda. Tuanzie wapi? – Mkuu wa idara, Mbeya

Ndugu, jambo la kuanzia liko ndani ya uwezo wako. Tengeni katika bajeti ya idara fungu dogo, hata la shilingi milioni chache, ambalo linaweza kuombwa na wasio na uzamivu peke yao, kwa andiko la kurasa tatu. Maandiko hayo yasisomwe na mtu yeyote wa idara yenu. Yapelekeni kwa wenzenu wa vyuo vikuu vya Sokoine, Makerere au Maseno, nanyi mwahidi kuwasomea ya kwao. Uhakiki wa kubadilishana haugharimu fedha. Kila mwombaji apewe maoni yote kwa maandishi, aliyeshinda na aliyekosa, na orodha ya washindi ibandikwe mahali pa wazi pamoja na kiasi walichopewa.

Faida yake ya kwanza haitakuwa utafiti. Itakuwa kwamba baada ya mizunguko michache mtakuwa na vijana kadhaa ambao wamewahi kuandika andiko, kukosolewa na mtu wasiyemjua, kulirekebisha na kusimamia fedha kidogo kwa jina lao. Hao ndio watakaoandika maombi ya COSTECH, na safari hii wakiwa wamejua mhakiki anatafuta nini. Mwaka wa kwanza tarajieni manung'uniko kutoka kwa wakubwa, hasa andiko la mwanafunzi wa profesa fulani litakapokataliwa na Maseno. Msilirudishe andiko hilo mezani, na msimtajie profesa huyo jina la mhakiki.